Hakuna Aliyesema Hapana

Ni mlango gani katika mji wenu ambao mtu asiye na pesa, asiye na cheo na asiyejua lolote anaweza kuusukuma, akaingia, akapewa kiti, na kesho yake asipoonekana watu wakaulizana amepatwa na nini? Usinitajie kanisa wala baa. Kanisani utatakiwa uamini, na baa utatakiwa uagize. Fikiri vizuri kabla hujajibu. Líber Echegoyen alikuwa nao mlango wa namna hiyo, mtaa wa Reducto, Montevideo, na ulipobadilishwa kitasa alipoteza kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Líber alikuwa mchambuzi wa sufu. Miaka yake yote ya nguvu aliimaliza ghalani karibu na bandari akichambua sufu ya kondoo kwa vidole, laini huku, ngumu kule, mpaka ghala likafungwa na vidole vikabaki havina kazi ila kukuna kidevu. Mkewe, Zulma, aliuza mayai na jibini kwenye gulio la Jumapili. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye sauti yake ilimtangulia kona mbili. "Mayai ya leo, mabibi!" alikuwa akipaza sauti. "Ya jana nimeshampa mume wangu!" Na Líber, aliyekuwa nyuma akishusha trei, aliinua mkono juu kama shahidi anayekula kiapo, na gulio lote likacheka.

Redio ya Zulma ndiyo iliyomfikisha Líber mahali palipoitwa Zaguán, yaani ukumbi wa mlangoni. Ilikufa katikati ya mpira, na mtu akamwambia kuna nyumba kuukuu nyuma ya kituo cha mabasi ambamo vijana hushinda na waya. Wenyewe walijiita wadukuzi. Majirani walipolisikia neno hilo mara ya kwanza walifunga madirisha. Waliposikia kwamba wadukuzi hao wamemtengenezea bibi wa nambari kumi na mbili mashine yake ya kufulia, waliyafungua tena. Líber aliukuta mlango umeegeshwa tu. Akaingia na redio kwapani.

"Habari za mchana. Inachukua siku ngapi, na bei gani?"

Aliyemjibu alikuwa Nahir Bentancor, mwalimu wa kemia wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi kama za askari na fulana iliyotobolewatobolewa na asidi. "Bei ya nini, mzee?"

"Ya kutengeneza."

"Hapa hatutengenezi."

"Sasa ninyi mnafanya nini?"

"Wewe ndiye utakayetengeneza." Akamwekea bisibisi mkononi. "Kaa hapo. Ukikwama piga kelele."

Alikwama kabla hajaifungua skrubu ya kwanza. Redio ile ilimchukua majuma kadhaa, na siku alipoiwasha ilitoa moshi mweusi na harufu ya nywele zilizoungua. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Kijana mmoja mrefu, Yamandú, ambaye mchana alikuwa mtaalamu wa programu benki na jioni alikuwa binadamu, alimkumbatia. "Hongera, mzee! Asiyeunguza kitu hapa bado ni mgeni."

Zulma alipooneshwa kilichobaki alikitazama kwa muda. "Nilikupa redio imezimia," alisema, "umenirudishia maiti."

Lakini Líber alirudi kesho yake, na keshokutwa. Hakuwa fundi hodari. Mpaka mwisho alikuwa akishika chuma cha kulehemu kama mtu anayeshika nyoka kwa mkia. Alirudi kwa sababu kulikuwa na kibuyu kimoja cha yerba, chai chungu ya majani, chenye mrija mmoja wa chuma, kikizunguka kutoka mkono hadi mkono, na zamu yake ilipofika hakuna aliyemruka. Tangu ghala lifungwe, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumwekea zamu.

Kuna watu watakaokuambia kwamba mahali kama Zaguán na zile ofisi za meza za kukodi ni kitu kimoja: meza ndefu, umeme, intaneti, kahawa. Wametazama samani. Hawakutazama watu. Kwenye ofisi ya kukodi meza wewe ni mteja. Taa ikiungua unalalamika. Zaguán taa ikiungua, alaa, wewe ndiwe mwenye taa: panda ngazi. Aliyeona uchafu ndiye aliyefagia. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mwenye ufunguo amefika, na ufunguo ulitolewa kwa kuaminiwa tu, yaani kwa kuonekana. Na Alhamisi wote walikaa kwenye duara wakaamua mambo. Hawakupiga kura. Nahir alikuwa akisema kura hutengeneza washindi, na washindi hutengeneza wanaoondoka. Jambo lilizungushwa kwenye duara kama kibuyu, na hapana moja tu ilitosha kulisimamisha. Ila hapana hiyo ilikuwa na uzito: aliyeitamka alijitwika njia nyingine. Ukikataa paa kuzibwa kwa bati, haya, panda wewe ulizibe unavyojua. Asiyefagia, walisema, asiuzuie ufagio.

Lilikuwa neno zuri. Kumbuka kwamba lilikuwa neno zuri.

Ugonjwa wa Zulma ulianzia ulimini. Kwanza neno moja moja lilimteleza, kama sahani yenye sabuni. Gulioni watu walidhani amelewa, naye akawa anawajibu kwamba angekuwa amelewa jibini lingekuwa rahisi zaidi. Hospitali walimpima, wakampima tena, kisha daktari akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa ujue habari si njema. Ni mishipa ya fahamu, alisema. Sauti itatangulia kwenda, halafu mengine. Wangempa kifaa: angeandika kwa kidole, nacho kingesoma kwa sauti.

"Sauti ya nani?" Zulma aliuliza.

Daktari akakiwasha. Akazungumza mwanamke wa Madrid, msafi, mwenye kung'ata herufi, kama anayesoma taarifa ya habari ya mfalme.

Zulma akamgeukia mumewe. "Nikuite chakulani kwa sauti ya huyo? Utadhani umeletewa hati ya mahakama."

Líber aliyapeleka hayo Zaguán kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Aliyasema akitazama sakafu. Kibuyu kilisimama kuzunguka. Kisha Yamandú akasema polepole kwamba yawezekana kutengeneza mashine iseme kwa sauti ya Zulma mwenyewe, akisoma sentensi nyingi sana, mia na mia nyingine, sasa, kabla sauti haijaondoka. Inahitajika tu chumba kisicho na mwangwi na kelele.

Hakuna aliyeuliza nani atalipa wala nani ataidhinisha. Kesho yake Nahir alikuwa chini ya ngazi akipima kwa kamba. Walijenga kibanda kwa magodoro ya kuokota na trei za mayai, na trei alizitoa Zulma, akisimamia kama mhandisi. "Zile za kijivu wekeni ndani, za pinki nje, msinitie aibu." Alipofanya kazi ndani, walitundika aproni yake nyekundu mlangoni. Aproni ikitundikwa, drili ilinyamaza, nyundo ilinyamaza, hata wale wawili waliokuwa wakibishana kutwa kuhusu aina gani ya waya ni bora walitoka kwenda kubishania barabarani. Hapakuwa na tangazo ukutani.

Yamandú alileta sentensi za kusoma alizozitoa kwenye mtandao. Zulma alisoma tatu akazirudisha. "'Meli yasafiri kaskazini kwa utulivu.' Lini nitamwambia mtu hivyo, mwanangu? Andikeni ninayoyasema." Wakaanza kumfuata na karatasi. Bei za jibini. Salamu. Matusi, mengi, yamepangwa kwa ukali. Jina la Líber kwa namna zote: la kuita, la kuuliza, la kukanya, na lile la chini ambalo Yamandú alipolisikia kwenye hedifoni aliinuka akaenda kuangalia kitu uani.

Zulma hakuweza kusoma kwa ratiba. Sauti ilikuwa na siku zake. Juma moja ilitoka nzito na kamili, siku mbili zifuatazo ikawa pumzi na mate. Ikija, alimpiga Líber begani, akavaa koti, wakaenda wakati wowote, na kila wakati palikuwa na mtu. Naye ndani ya kibanda hakuwa peke yake: palikuwa na upenyo, na kwenye upenyo Nahir alikuwa akimkunjia uso ili acheke, kwa sababu kicheko nacho kilitakiwa. "Mtu haongei na maiki," Zulma alisema. "Mtu anaongea na mtu."

Walikuwa wamefika karibu nusu ya sentensi pale bibi mwenye ile nyumba ya Zaguán alipofariki. Wanawe waliipangisha nyumba nzima kwa kampuni ya ofisi za meza za kukodi.

Kampuni haikuja na askari. Ingekuja na askari tungejua la kufanya! Ilikuja na Ignacio Algorta, kijana mwenye viatu vyeupe na tabasamu la kweli, kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye duara Alhamisi moja ya Juni, akapokea kibuyu, akakinywa bila kukunja uso. Alisema kampuni haitaki kuwafukuza. Kinyume chake. Zaguán ibaki, bila kodi, kwenye chumba cha nyuma. Paa lingezibwa. Pangekuwa na joto. Kadi kumi za kuingilia, bure. Na kile kibanda chini ya ngazi, alichooneshwa akasikitika kwa dhati, kingebadilishwa na cha kisasa, cha vioo viwili, sauti haipiti hata sisimizi akikanyagwa.

"Sisi na ninyi tunataka kitu kimoja," alisema. "Jumuiya."

Neno lile lilimtoka laini kama peremende. Akashukuru, akaondoka ili wajadiliane.

Jambo likaanza kuzunguka. Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ndoo tatu. Nahir, aliyekuwa akizimwaga ndoo hizo miaka mingi, alikuwa na macho mekundu. "Mimi sina pingamizi," alisema. Aliyefuata akasema hana pingamizi. Yamandú akamtazama Líber, akamtazama muda, kisha akasema hana pingamizi.

Hapana ilikuwa mdomoni mwa Líber. Ilikuwa imekaa juu ya ulimi kama kokwa ya tunda, tayari kutemwa. Alijua, bila kujua amejuaje, kwamba mahali penye kadi kumi si mahali penye mlango. Lakini alizitazama ndoo. Tangu Zulma augue hakuwa ameimwaga hata moja. Hakufagia, hakupanda paani, hakuleta hata kuni. Alikuja kupokea tu: magodoro yao, jioni zao, ukimya wa drili zao. Kwa uso gani mtu kama huyo awazuie wenzake wasipate paa? Na angezuia, mzigo angeubeba na nini? Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Zulma.

"Mzee?" Nahir alisema.

"Sina pingamizi," alisema Líber.

Nyumbani Zulma alikuwa akingoja. "Umewaambia nini?"

"Nimekubali kama wengine."

"Na mimi," alisema, akilisukuma kila neno kama mkokoteni mlimani, "mimi ninayekaa ndani ya kile kibanda, nani aliniuliza?"

Kwa kweli hakuna aliyefikiria. Kila mmoja alikuwa akimfikiria yeye kwa bidii kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kumwita.

Ujenzi ulikula Juni yote na Julai yote. Kibanda kilivunjwa siku ya kwanza. Yamandú alileta vyombo nyumbani kwao, wakajaribu chini ya mablanketi, lakini nyumba ilikuwa kwenye barabara kuu na kuta zake nyembamba kama biskuti. Kila sentensi ilikuwa na basi ndani yake. "Mashine itajifunza kuongea kama gia," Yamandú alisema. Walijaribu kwa dada yake Nahir, kwenye nyumba yenye utulivu, lakini sauti ilikuja siku ambazo dada yuko kazini, na siku za dada haikuja. Tena Zulma peke yake na Líber chini ya blanketi hakuweza. Alipoanza "Mayai ya leo, mabibi," macho yao yalikutana, na maneno yakaishia hapo. Walijuana mno kuigiziana gulio.

Agosti mlango ulifunguliwa tena, wa kioo. Ndani palikuwa peupe, pa joto, pananukia machungwa. Mimea ilining'inia. Vijana walikaa meza ndefu, kila mmoja na kompyuta yake na hedifoni zake, wameinama kama wanaoombea chakula. Chumba cha nyuma kilikuwepo kama ilivyoahidiwa, ila drili ilikatazwa kwa ajili ya wateja, na kulehemu kwa ajili ya harufu. Msichana wa mapokezi, Pilar, alikuwa mpole. Kadi ilikuwa ya Líber. Zulma angekuwa mgeni wake, na mgeni aliruhusiwa mara moja kwa mwezi, lakini, alisema akishusha sauti, yeye mwenyewe angejifanya haoni. Zamu za kibanda cha vioo ziliombwa kwa simu, nusu saa nusu saa. Wakaandikishwa Jumatano, saa kumi jioni.

Jumatano ile sauti ilikuja asubuhi.

Zulma alikuwa akimenya viazi. Akasema, "Kisu hiki hakikati," na wote wawili wakaganda, kwa sababu ilikuwa sauti yake ya zamani, nzima, na kifua chake. Wakaviacha viazi ndani ya maji. Walikwenda nusu mbio, Zulma amemshika Líber mkono, hasemi kitu njiani, ameifunga midomo kama mtu aliyebeba maji kinywani asiyetaka kuyamwaga.

Kibandani kulikuwa na mtu. Walimwona kupitia kioo, anatembeatembea na simu.

"Anamuuzia bima mtu aliyeko Panama, atamaliza muda si mrefu," Pilar alisema.

Wakakaa kwenye sofa jeupe. Líber alitoa kibuyu chake na chupa ya maji ya moto, kwa sababu mtu akingoja hunywa. Akanywa cha kwanza, akampa Zulma, kisha, kwa mazoea, akamnyoshea kijana aliyekaa kando yao. Kijana akainua hedifoni upande mmoja. "Asante, ninacho changu," alisema, akaonyesha kikombe cha karatasi, akairudisha hedifoni. Zulma akakohoa. Akakohoa tena. Ilibidi, koo lilikuwa linajaa. Kijana akaandika kitu kwenye simu. Mara Pilar akaja, amekunja vidole.

"Samahani sana, mama. Kuna mteja amelalamika kidogo. Kuhusu kikohozi."

"Mteja gani?" alisema Zulma.

Macho ya Pilar yalimwendea yule kijana.

Zulma akasimama. "Huyu? Huyu hapa? Ameniandikia barua mimi niliyekaa naye goti kwa goti? Wewe kijana! Ndiyo, wewe mwenye masikio ya plastiki! Toa hayo, nakuongelesha! Tumekaa hapa mimi na wewe muda wote huu kama magunia yanayongoja meli. Hujui jina langu. Mimi naitwa Zulma. Wewe waitwa nani? Hapo ulipoweka kikombe palikuwa na meza ya mwalimu, na pale dirishani mume wangu, huyu bwege, aliiunguza redio yangu, na watu wakampigia makofi. Makofi! Wewe ukiunguza kitu hapa nani atakupigia makofi? Mwanangu, ukifa kwenye hicho kiti watajuaje? Watangoja mpaka kadi yako iishe?"

Ilikuwa sauti ya gulio, ya Jumapili, ya kona mbili. Ilipiga kioo ikarudi. Vichwa vyote viliinuka. Kijana yule alifungua mdomo, akawa mwekundu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba atalitaja jina lake. Kisha akatazama chini. Kichwa kimoja kikainama, kingine kikainama, na ukumbi ukarudi kimya.

Zulma aligeuka kwa Líber akicheka, macho yanang'aa kwa furaha ya ugomvi. Líber naye alikuwa akicheka, mpaka mkono wake ulipogusa mfuko uliokuwa mapajani. Maiki ilikuwa humo. Kinasa sauti kilikuwa humo. Vyote vimezimwa.

Muuza bima akatoka, akaomba radhi kwa kuwachelewesha. Wakaingia. Kibanda kilikuwa kizuri kweli, sauti haikupita. Líber akapanga vyombo kama alivyofundishwa, akawasha, akampa ishara. Zulma akavuta hewa. Kilichotoka kilikuwa upepo. Akajaribu tena. Akajaribu jina lake mwenyewe, akajaribu bei ya jibini. Waliketi humo wakitazamana mpaka nusu saa ikaisha na taa ikajizima yenyewe.

Sauti ile haikurudi tena.

Yamandú alifanya alichoweza kwa nusu waliyokuwa nayo. Alikwenda nyumbani kwao alasiri moja ya mvua mwezi Septemba, na Nahir akaja pia, akasimama jikoni akikaanga torta frita, yale maandazi bapa, kwa sababu mvua ikinyesha hukaangwa torta frita hata kama kuna msiba. Wakati huo chumba cha nyuma kilikuwa kimekwisha kugeuzwa cha mikutano. Wale wa kadi kumi walikuwa wamepungua mmoja mmoja, bila ugomvi na bila kuagana. Wapi wangeagania?

Yamandú akaiweka kompyuta mezani. "Haijakamilika," alisema. "Sauti za herufi nyingine hazimo. Imejaza yenyewe."

Akabonyeza. Mashine ikasema: "Líber, njoo ule."

Ilikuwa yeye, na haikuwa yeye. Ilikuwa kama Zulma anayesema kutoka ndani ya pipa, Zulma aliyefundishwa na mtu asiyempenda. Katikati ya sentensi palikuwa na shimo, na juu ya shimo mashine ilikuwa imeweka ubao wake yenyewe. Yamandú akabonyeza nyingine, ya matusi, akitumaini. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Zulma alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa mchoro wa mtoto. Kisha akaunyosha mkono akaifunga kompyuta. Akachukua penseli, vidole vikiwa tayari vizito, akaandika pembezoni mwa gazeti: *Nipeni yule wa Madrid.*

Hakuna aliyecheka, ingawa aliwatazama kuona kama watacheka.

Alipokwenda kujilaza, Nahir alikaa mbele ya sahani asile. "Ni mimi," alisema. "Nilichoka, lakini kuchoka ningevumilia. Nilisikia 'kibanda cha vioo' nikasema hicho kitamfaa Zulma. Atapata joto. Nisingekubali kwa ajili ya paa, mzee. Nilikubali kwa ajili yenu."

"Mimi nilitaka kukataa," alisema Líber. "Nikaziona ndoo. Nikasema nimewachosha vya kutosha."

Wakamgeukia Yamandú. Alikuwa akikunja kitambaa cha meza na kukikunjua. "Nilikutazama," alimwambia Líber. "Niliona umekaza midomo. Nikadhani unaomba Mungu mtu asizuie."

Mvua ilikuwa ikipiga dirisha. Torta frita zilipoa. Watu watatu wenye hapana tatu, kila mmoja ameimeza yake kwa heshima ya mwenzake, na mezani pao fundi wa kweli wa maneno alikuwa ameomba sauti ya mgeni. Ninaliona jambo hilo na damu inanichemka, kwa sababu kampuni inajua kutaka. Inataka asubuhi, inataka jioni, haioni haya. Sisi tunaopendana ndio tunaona haya.

Asubuhi iliyofuata kulikucha na jua. Líber alikuwa jikoni akichemsha maji aliposikia filimbi ya mnoa visu, ile inayopanda na kushuka, ikitokea upande wa kituo cha mabasi. Zulma naye aliisikia. Alitoka chumbani na gauni la kulalia, akachukua visu viwili na mkasi, akavifunga kwenye kitambaa, akatoka kwenye roshani juu ya barabara. Líber alimwona kwa nyuma. Alimwona akiegemea chuma, mabega yakiinuka, hewa ikiingia yote kama ilivyokuwa ikiingia kila Jumapili kwa miaka arobaini, mishipa ya shingo ikisimama.

Chini, mnoa visu aliinua macho. Aliona mwanamke amefungua mdomo mbele ya jua, akadhani anapiga mwayo, au anaisalimu asubuhi. Akavua kofia, akatabasamu, akampungia mkono. Kisha akakanyaga baiskeli yake taratibu hadi kwenye kona, akakata, na filimbi ikaanza tena mtaa wa pili.